KUTENGENEZA TOVUTI KWA MSOMAJI WA SIMU
Mambo ya kuzingatia Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa



Vijana wengi wanaomaliza masomo hapa kwetu hutuuliza maswali mawili. La kwanza, tovuti hutengenezwaje? La pili, je, mtu anaweza kuifanya kazi hiyo akiwa Mbinga, Liuli au Mbamba Bay, bila ya kwenda kuishi Dar es Salaam? Jibu la swali la pili ni fupi: anaweza. Jibu la swali la kwanza ni refu kidogo, na ndilo makala yetu ya mwaka huu. Sisi tunaoandika tunafanya kazi ya kutengeneza tovuti, na tumeona ni vyema tuwaelezeni yale tunayoyazingatia, ili atakayependa kuingia katika fani hii asianze gizani.

Kabla ya yote, tunataka msomaji ashike jambo moja. Tovuti haipimwi kwa jinsi inavyopendeza kwenye kompyuta ya aliyeitengeneza. Hupimwa kwa msomaji aliye mbali kuliko wote, mwenye simu ndogo, bando dogo na mtandao dhaifu. Huyo akiweza kuifungua, na akakuta ndani yake habari iliyo sahihi kwa mahali alipo, basi wengine wote wataweza pia. Mengine yote tutakayoyaeleza hapa yanatokana na jambo hili.

1. TOVUTI NI NINI?

Tovuti ni mkusanyiko wa kurasa zilizohifadhiwa katika kompyuta isiyozimwa, iitwayo seva. Msomaji anapoandika anwani katika simu yake, programu iitwayo kivinjari, kama vile Chrome au Opera Mini, hupeleka ombi kwenye seva. Seva huutafuta ukurasa ulioombwa na kuurudisha kwa aliyeuomba. Ni kama mtu wa Lituhi anayempa nahodha barua aipeleke kwa karani Mbamba Bay. Barua inakwenda, karani anatafuta faili katika kabati, na jibu linarudi na chombo. Kila faili ina ombi lake. Ukurasa wenye picha 20 unahitaji maombi yasiyopungua 21, yaani moja la ukurasa wenyewe na 20 ya picha.

Mfumo huu si wa zamani sana. Mwingereza Tim Berners-Lee aliupendekeza mwaka 1989 alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, nchini Uswisi. Mwaka 1991 watu wa nje ya kituo walianza kuutumia, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kuwa kila mtu anaweza kuutumia bila malipo. Ndiyo maana leo mwanafunzi wa Mbinga anaweza kuandika ukurasa wake mwenyewe bila ya kumlipa mtu yeyote ada ya kuitumia lugha hiyo.

Ukurasa hujengwa kwa lugha tatu. Ya kwanza ni HTML. Hii hueleza kipi ni kichwa cha habari, ipi ni aya, lipi ni jedwali na kipi ni kiungo cha kwenda ukurasa mwingine. Ya pili ni CSS, iliyotolewa rasmi mwaka 1996. Hii hupanga rangi, ukubwa wa herufi na nafasi. Ya tatu ni JavaScript ya mwaka 1995, ambayo huupa ukurasa vitendo, kwa mfano kukokotoa hesabu au kufungua orodha mtu anapobofya.

Mfano wake ni nyumba. HTML ni kuta na paa, CSS ni lipu na rangi, na JavaScript ni umeme. Nyumba isiyo na umeme hukalika, lakini isiyo na kuta haikaliki. Hivyo basi, mjenzi aanze na kuta. Vijana wengi wanaojifunza siku hizi huanza na umeme, wakaacha nyumba ambayo umeme ukikatika hakuna kinachoonekana ndani.

2. HALI YA MTANDAO KWETU

Mawimbi ya simu husafiri kwa kunyooka, karibu sawa na mwanga wa tochi. Mlima ukikaa katikati, nyuma yake huwa na kivuli. Nasi nchi yetu ni ya milima na mabonde. Nyanda za Umatengo hupanda hadi karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi. Kati ya juu na chini mna mabonde mengi ambayo mnara ulio mlimani hauyaoni. Mtu anaweza kuwa na mtandao wa kasi akiwa sokoni Mbinga mjini, akateremka bonde moja akabaki na mtandao wa kupiga simu tu.

Hali imekuwa bora kuliko ilivyokuwa miaka ya 2000. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na kabla ya hapo nchi ilitegemea zaidi setilaiti, ambazo ni ghali. Aidha, sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, kwa ajili ya kusaidia mawasiliano kufika vijijini ambako kampuni za simu hazioni faida kubwa. Lakini ikumbukwe kuwa mkongo haufiki kwenye simu ya mvuvi. Kipande cha mwisho, kutoka mnarani hadi mkononi, ndicho kinachoamua kama ukurasa utafunguka au hautafunguka.

3. HESABU YA UZITO WA UKURASA

Kila kitu kinachopita katika mtandao kina uzito, na uzito huo hupimwa kwa baiti. Herufi moja ya Kiswahili ni baiti moja. Makala hii yote ina herufi kiasi cha 17,000, yaani kilobaiti 17, ambazo tutaziandika KB 17. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kawaida inaweza kuwa na megabaiti 3, yaani MB 3, ambazo ni sawa na KB 3,000. Kwa hiyo picha moja hiyo ina uzito wa makala kama hii zaidi ya 170.

Sasa tuchukue kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza una MB 2.5. Huo si mfano wa kutia chumvi, kwa kuwa vipimo vya mradi wa HTTP Archive, unaochunguza kurasa za dunia nzima, vinaonyesha kuwa ukurasa wa kawaida wa kwenye simu siku hizi umepita MB 2. Ukurasa wa pili una KB 50, yaani maandishi ya kutosha na picha moja ndogo.

Tumpe msomaji wetu mtandao wa kizazi cha pili unaopitisha kilobiti 100 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8. Ukurasa wa kwanza una kilobiti 20,000, kwa hiyo utachukua sekunde 200, yaani dakika 3 na sekunde 20, iwapo mtandao hautakatika. Ukurasa wa pili una kilobiti 400, nao utachukua sekunde 4.

Tutazame na upande wa fedha. Mwenye bando la GB 1 anaweza kuufungua ukurasa wa kwanza mara 400, kisha bando limekwisha. Ukurasa wa pili anaweza kuufungua mara 20,000 kwa bando lile lile.

Nani analipa tofauti hiyo? Halipi mtengenezaji, kwa sababu yeye hukaa ofisini penye mtandao wa kasi, na ukurasa wake humfungukia mara moja. Analipa msomaji. Kila picha tunayoiongeza kwenye ukurasa bila ya haja ni fedha tunayoitoa katika mfuko wa mtu mwingine, tena mara nyingi ni mtu mwenye kipato kidogo kuliko sisi.

4. KANUNI ZA KUFUATA

(a) Maandishi yatangulie.
Habari ambayo msomaji ameijia iwe ndani ya HTML yenyewe, na iwe juu ya ukurasa. Isisubiri JavaScript kuja kuiita. Kivinjari cha Opera Mini, kilichotoka mwaka 2005 na kupendwa sana Afrika Mashariki, huokoa bando kwa kuupeleka kwanza ukurasa kwenye seva za kampuni yake, ambako hubanwa kabla ya kuletwa kwenye simu. Katika hali hiyo JavaScript nyingi hazifanyi kazi kama zilivyokusudiwa. Tovuti iliyojengwa juu ya umeme mtupu humtokea msomaji huyo ikiwa tupu.

Mfano mzuri tunao hapa hapa nchini. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, limetoa matokeo kwa kurasa za maandishi na majedwali, kila shule na ukurasa wake. Wapo vijana wanaozicheka kurasa hizo kwa kuwa hazina mapambo. Lakini siku ya matokeo watu humiminika wote kwa pamoja, na watahiniwa wa kidato cha nne peke yao wamepita 500,000 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, mbali na wazazi na walimu wao. Ukurasa uliokwisha kuandikwa tayari hauitaki seva ifanye hesabu yoyote, bali iutoe tu kama ulivyo. Nao humfungukia hata mzazi aliye kijijini na simu kuukuu.

(b) Picha zipunguzwe kabla ya kupandishwa.
Picha ya simu aghalabu ina nukta 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu, jumla nukta milioni 12. Skrini ya simu nyingi za bei nafuu ina upana wa nukta 720 tu. Picha ikipunguzwa hadi nukta 720 kwa 540, hubaki na nukta 388,800, yaani imepungua mara 30, na msomaji wa simu haoni tofauti yoyote. Baada ya hapo ibanwe kwa muundo wa JPEG au WebP. Na kabla ya yote hayo tujiulize kama picha yenyewe inahitajika. Picha ya jengo la ofisi haimsaidii mkulima anayetafuta bei ya kahawa.

(c) Ukurasa ufuate upana wa skrini.
Zamani watu walitengeneza tovuti mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya simu, na ilibidi kila habari iandikwe mara mbili. Mwaka 2010 Mmarekani Ethan Marcotte alieleza njia ya kutengeneza ukurasa mmoja unaojirekebisha kwa kila skrini, na njia hiyo ndiyo inayofuatwa hadi leo. Katika HTML uwekwe mstari uitwao "viewport". Usipokuwepo, simu hudhani kuwa ukurasa umekusudiwa kompyuta, ikaupunguza wote hadi herufi zikawa kama mchele. Kisha CSS iandikwe kwa ajili ya simu kwanza, na skrini kubwa zipangiwe baadaye. Vitufe viwe vikubwa vya kutosha kubofywa kwa kidole gumba, maana mtu aliye kwenye pikipiki au mtumbwini hana mikono miwili ya kushika simu.

(d) Ukurasa ukifika, uhifadhiwe.
Wanafunzi wa Umatengo wanayajua mashimo ya ngoro. Mababu waliyachimba katika miteremko ya milima ili kila shimo lizuie maji ya mvua pale pale yanapoanguka, yasikimbie na udongo kwenda bondeni. Nasi tunaweza kufanya mfano wa hayo katika simu. Seva inaweza kukiambia kivinjari kihifadhi nembo, CSS na picha kwa siku 30, ili msomaji akirudi kesho asizivute upya. Aidha, kuna njia ya kutumia JavaScript kuhifadhi ukurasa mzima, mtu akaweza kuusoma hata pasipo mtandao. Aliyefungua bei za kahawa akiwa mjini asubuhi anaweza kuzionyesha kwa wenzake jioni akiwa bondeni. Sharti lake ni kuwa tarehe ya habari iandikwe wazi juu yake, watu wasije wakauza kwa bei ya wiki iliyopita.

(e) Herufi ziwe herufi.
Baadhi ya madrasa hupiga picha maandishi ya Kiarabu na kuyaweka kwenye tovuti kama picha. Sababu yake ni kuwa zamani kompyuta nyingi zilishindwa kuyaonyesha. Leo hakuna haja hiyo. Utaratibu wa UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992, hubeba herufi za lugha karibu zote. Herufi ya Kiarabu huchukua baiti 2, na kila harakati baiti 2, hivyo mstari mzima wenye harakati haufiki hata KB 1. Maandishi hayo huweza kutafutwa, kukuzwa na kunakiliwa, na asiyeona anaweza kusomewa na simu yake. Picha haina faida hizo. Kinachotakiwa ni kuiambia HTML kwamba aya hiyo ni ya Kiarabu na inaanzia kulia, na aya za Kiswahili zipewe alama ya lugha ya Kiswahili, ambayo ni "sw". Baada ya hapo, mwalimu azisome herufi na harakati zote kwenye simu halisi kabla ya ukurasa kutolewa.

(f) Saa iandikwe isiyo na utata.
Hili wengi hawalitilii maanani, na madhara yake ni makubwa. Kompyuta huanza kuhesabu siku saa sita usiku, nasi tunahesabu mchana kuanzia macheo. Saa 08:00 ya kompyuta ni saa 2 asubuhi yetu. Programu ikiandika "8:00" katika ratiba ya chombo kinachoondoka Mbamba Bay, msomaji mmoja ataelewa saa mbili na mwingine ataelewa saa nane. Tofauti hiyo ni saa 6, na chombo hakimngoji mtu. Iandikwe: saa 2:00 asubuhi.

Tena sisi tuko mpakani. Malawi na Msumbiji ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu ya mtu aliye kusini karibu na Chiwindi, au aliye ziwani chomboni, inaweza kunasa mnara wa nchi jirani na kujirudisha saa moja nyuma yenyewe. Mtu huyo akiona kwenye simu yake saa 1:00, na ratiba inasema saa 2:00, atadhani ana saa nzima mkononi, kumbe chombo kinang'oa nanga. Kwa hiyo ratiba iseme "saa za Tanzania", na pembeni yake ukurasa uonyeshe saa za Tanzania kwa wakati ule ule, ili msomaji ailinganishe na simu yake.

(g) Mwenye kitochi asisahaulike.
Si kila mtu ana simu janja. Kila ukurasa muhimu uwe na muhtasari mfupi unaoweza kunakiliwa na kutumwa kwa ujumbe wa simu. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 za Kiswahili, au 70 zikiwa za Kiarabu. Mtengenezaji anayeweza kuiweka habari yake ndani ya herufi 160 ameijua vizuri habari hiyo.

5. MFANO: RATIBA YA FUTARI MBAMBA BAY

Hebu sasa tuzitumie kanuni hizi katika kazi moja ambayo kila madrasa huihitaji. Tuseme tumeombwa kutengeneza ukurasa wa ratiba ya Ramadhani kwa ajili ya watu wa Mbinga na mwambao wa ziwa.

Njia rahisi ni kuchukua ratiba ya Dar es Salaam na kuibandika. Ratiba ya namna hiyo si sahihi kwetu, na sababu yake ni hesabu. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani uzi mmoja kwa dakika 4. Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 39.3 mashariki, na Mbamba Bay karibu na nyuzi 34.8. Tofauti ni nyuzi 4.5, sawa na dakika 18. Aidha, Mbamba Bay iko kusini zaidi, na urefu wa mchana wake hubadilika zaidi kwa misimu. Kwa hiyo tofauti ya kuzama kwa jua kati ya miji hiyo miwili ni kama dakika 10 tu mwezi Juni, na hufika kama dakika 26 mwezi Desemba. Mtu wa Mbamba Bay anayefuturu kwa ratiba ya Dar es Salaam anafuturu jua likiwa bado linaonekana juu ya ziwa. Ukurasa unaweza kuwa mwepesi, wenye herufi nzuri na rangi za kupendeza, na bado ukawaharibia watu funga zao.

Kazi hii tunaifanya hivi. Kwanza, tunakokotoa nyakati za kila mji peke yake, kwa kutumia vipimo vyake vya longitudo na latitudo. Pili, tunaziandika katika jedwali la HTML lenye mistari 30, ambalo halizidi KB chache. Tatu, juu ya ukurasa tunaweka viungo vya Mbinga, Liuli, Mbamba Bay na Lituhi, msomaji achague mwenyewe mahali alipo. Hatuna haja ya kuiomba simu itutajie alipo, maana kufanya hivyo hula chaji, huchelewesha, na wengine huogopa. Nne, tunauwezesha ukurasa kuhifadhiwa ndani ya simu, ili ukifunguliwa mara moja ufae mwezi mzima. Tano, kabla ya kuutoa tunawaomba walimu wathibitishe kwa macho nyakati za siku mbili au tatu. Mbamba Bay ni pazuri kwa uthibitisho huo, kwani jua huzama ng'ambo ya ziwa upande wa Malawi. Mbinga ni pagumu zaidi, kwa kuwa mlima huweza kulificha jua kabla halijazama.

Jambo la sita ni tarehe. Programu za kompyuta hukadiria kalenda ya Hijria kwa hesabu, lakini mwandamo hutangazwa na watu. Tarehe ya kwanza ya mwezi isifungwe ndani ya programu. Iachwe mahali ambapo mwalimu ataweza kuibadilisha kwa simu yake usiku ule ule tangazo linapotoka.

6. SIRI NA USALAMA WA WATU

Tovuti nyingi za shule na madrasa hupenda kuweka picha na majina ya watoto. Hapa pana tahadhari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na sababu halali na azilinde. Kanuni yetu ni nyepesi kuishika. Usikusanye usichokihitaji. Fomu ya kuandikisha mwanafunzi haihitaji namba ya kitambulisho cha mjomba wake. Picha ya mtoto isiwekwe bila ya idhini ya mzazi, na jina kamili lisiandikwe chini yake.

Vile vile kila tovuti iwe na kufuli, yaani anwani yake ianze na https, ili yanayoandikwa katika fomu yasisomwe njiani. Zamani cheti cha kufuli hilo kilinunuliwa kwa bei. Tangu mwaka 2016 taasisi ya Let's Encrypt hukitoa bure, kwa hiyo hakuna udhuru.

7. PA KUANZIA

Mwanafunzi asiseme hana kompyuta kubwa wala intaneti ya kudumu. HTML huandikwa katika programu yoyote ya maandishi, hata ya kwenye simu, na ukurasa hufunguliwa katika kivinjari bila ya mtandao wowote. Ajifunze kwanza alama za kichwa, aya, orodha, jedwali na kiungo. Akizizoea aingie CSS, kisha JavaScript. Yanayofanyika kwenye seva, kama lugha ya PHP na hifadhidata, yaje baadaye. Shule inayotaka anwani yake yenyewe inaweza kusajili jina linaloishia na sc.tz, na chama kisicho cha biashara linaloishia na or.tz, kupitia mawakala wa msajili wa majina ya .tz.

Kazi zipo. Vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa, shule, zahanati, wenye vyombo vya ziwani na wenye nyumba za wageni, wote wana habari ambazo watu huzitafuta. Aliye mbali hajui kuwa bonde lipi halina mtandao, wala kuwa simu za Chiwindi hubadili saa. Mwanafunzi wa hapa anajua. Ujuzi huo ni sehemu ya kazi kama ilivyo HTML.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ukurasa una uzito wa MB 1, nao mtandao unapitisha kilobiti 100 kwa sekunde. Utachukua sekunde ngapi kufunguka?

2. Andika tangazo la chombo kinachoondoka Mbamba Bay kwenda Liuli kwa herufi zisizozidi 160. Litaje siku, saa isiyo na utata, nauli na mahali pa kupandia.

3. Songea iko karibu na nyuzi 35.65 mashariki. Ukiacha tofauti ya latitudo, jua la adhuhuri huchelewa kufika Mbamba Bay kwa dakika ngapi baada ya kufika Songea?

4. Fungua tovuti yoyote unayoitumia ukiwa mahali ambapo mtandao wa simu yako ni dhaifu kuliko kwingine. Andika ni kitu gani kilichotokea kwanza kwenye skrini, na kama ndicho ulichokuwa ukikihitaji.

Majibu ya maswali haya yaletwe kwa mwalimu wa zamu. Atakayejibu yote manne tutakaa naye, inshaallah, tuanze naye ukurasa wake wa kwanza.